Kaleb Adai Maiti Wake

Kuna watu hawawezi kuamkiana mpaka kwanza watukanane, na ukiwasikia nawe mgeni utadhani kesho wanashitakiana kwa jumbe. Ndivyo walivyokuwa Kaleb na Bi Mwantumu. Kaleb alikuwa Mnyamwezi, amekuja Korogwe kukata mkonge, akamaliza mkataba wake, akaona heri kuendesha lori la Fidahussein, Mhindi mwenye duka Handeni, kuliko kuchomwa na miiba hadi uzeeni. Bi Mwantumu alikuwa mjane wa Kizigua pale Misima, mkulima wa mahindi, mama wa Abdi. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na ukishalijua hilo huulizi kwa nini dereva wa Mhindi anashuka kwenye lori, anaingia moja kwa moja jikoni kwa mjane wa watu na kufunua chungu.

"Bada tena?" Kaleb husema akiuona ugali wa muhogo. "Ndiyo maana Wazigua hamnenepi."

"Kula unyamaze, mpagazi wee. Kwenu mnatafuna michembe ya viazi kama panya stoo, leo unachagua chakula?"

Atakula, atashiba, na akiondoka ataondoka na kuku wa Bi Mwantumu kwapani bila kuomba. Safari ijayo Bi Mwantumu atamvua kofia na kuivaa shambani. Hakuna wa kununa. Kaleb hakuwa na mama huku, hakuwa na dada. Alipanga chumba Kwamndolwa, pale Korogwe, na safari ya kupita Misima ndiyo aliyoingojea wiki nzima.

Miaka kadhaa nyuma Bi Mwantumu aliota rovu shingoni. Mama yake alikuwa Msambaa wa Bungu, na kwa kina mama yake huko milimani watu wenye rovu hawakuwa kioja, basi hakuna aliyeshtuka, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Kaleb peke yake ndiye aliyeuliza, "Papai la nani hilo ulilomeza?" Akajibiwa, "La baba yako." Wakacheka, lakini rovu lilizidi kuvimba na kuwa gumu, na ni Kaleb aliyempakia kwenye lori akampeleka hospitali ya Korogwe kwa Daktari Bernardo, Mgoa mmoja mpole mwenye miwani. Likakatwa. Daktari akamwambia kwamba lile halikuwa rovu la kawaida, lilikuwa na ubaya ndani yake, kwa hiyo awe anarudi kuangaliwa. Alirudi mara moja. Halafu kukawa na palizi, halafu mavuno, halafu akajisikia mzima, na mzima nani anakwenda kwa daktari kumsalimia?

Sasa basi, mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia, Kaleb alisimamisha lori Misima akapiga kelele kutoka barabarani, "Enyi wenye nyumba! Yule bibi kizee mwenye miguu kama michi ya kutwangia bado yuko hai?"

Bi Mwantumu alikuwa anapeta mahindi uani. Alimtazama. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Akageuka akaingia ndani.

Kaleb alidhani amekwenda kuchukua mwiko wa kumpigia. Akangoja. Hakutoka mtu. Safari ya pili, vilevile. Safari ya tatu alimtania mpaka majirani wakashika mbavu, na mwanamke akamwinamia tu kama mtu anayepokea salamu za pole. Kaleb akaondoka bila kuku.

Maana mtani hakasiriki, jamani! Mtani akikasirika ni aibu ya pande zote mbili, ni kama mtu kumfukuza nduguye mlangoni. Njia nzima hadi Korogwe Kaleb alipekua matusi yake moja moja. Lipi lilizidi? Lile la miguu? Lile la marehemu mumewe kukimbilia kaburini kwa hiari? Akakosa raha kabisa, hata akampita abiria aliyempungia mkono. Mwisho akaona dawa ya moto ni moto: akapeleka mashtaka kwa mzee Sadala, kaka wa marehemu mume, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kushitaki. Mtani wangu amenuna."

"Marahaba. Amenuna?" Sadala akaweka kiko chini. "Haiwezekani. Tangu lini?"

Wazee wakakaa uani kwa Bi Mwantumu, na kikao chenyewe kilikuwa cha ajabu, kwa sababu Kaleb alitakiwa ayarudie matusi yote ili wazee wapime ni lipi lililovuka mpaka. Akayasema. Wazee wakasikiliza kwa nyuso za mahakimu. "Hilo la kawaida," walisema. "Hilo nalo la zamani, baba yangu alilitumia." "Hilo zuri, hebu lirudie polepole." Walipomaliza hawakuona kosa, wakamgeukia Bi Mwantumu wamwulize yeye kilichomuudhi.

Alisimama. Akamnyooshea Kaleb kidole, akavuta pumzi, akasema, "Wewe… wewe jembe. Jembe la… la chumvi. Chumvi inapanda… jembe!"

Watu wakaangua kicheko. Jembe la chumvi! Walidhani ni tusi jipya, limetungwa ndani kwa siku nyingi ndiyo maana alikuwa kimya. Mzee Sadala alicheka mpaka akapaliwa, Tatu, wifi wa Bi Mwantumu, akapiga vigelegele, na Kaleb mwenyewe alifungua mdomo acheke kwa furaha ya kusamehewa. Hapo akayaona macho ya Bi Mwantumu. Yalikuwa yamejaa machozi. Aliinua mkono wa kulia amvue Kaleb kofia, kama ilivyo desturi yao, vidole vikashindwa kuifumbata, kofia ikaanguka mavumbini.

"Nyamazeni!" Kaleb akafoka. "Nyamazeni, hachezi huyu! Anaumwa!"

Bi Mwantumu akaushika mkono wa Kaleb kwa mkono wake wa kushoto, akaupitisha chini ya kanga aliyojitanda, akauweka juu ya sikio. Palikuwa na kitu laini, ukubwa wa yai la njiwa, na kilikuwa kinadunda. Kaleb aliutoa mkono haraka, akaona haya, akaurudisha.

"Kichwa kinauma?" akamwuliza. Akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo hakununa hata siku moja. Matusi alikuwa nayo yote mle ndani, ila mlango umefungwa. Kaleb alipolielewa hilo, furaha na hofu vilimjia pamoja.

"Kesho nampeleka kwa Daktari Bernardo," alisema.

"Hapana," akasema Abdi.

Na usimdhanie vibaya Abdi. Alikuwa mtoto mwema, anampenda mama yake mno, na woga wa mpendaji ni mkaidi kuliko punda. Shingo aliikubali zamani zile. Kichwa, alisema, si tikiti. "Nionyesheni mtu mmoja aliyepasuliwa kichwa akarudi nyumbani kulima. Mmoja tu." Hakuna aliyemjua. Tatu akasema ni pepo, waganga wakaitwa, ukafukizwa udi, akachanjwa, akanyweshwa mizizi michungu. Maneno yakazidi kupotea. Abdi akawa anamlisha uji kwa mkono wake mwenyewe, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini katika ua ule, hata jogoo naona aliwika kwa adabu.

Siku moja Kaleb alikuwa anapakia magunia dukani kwa Fidahussein, pale Handeni mjini. Batul, mke wa Fidahussein, alikuwa akipima vitambaa ndani. Akamwita.

"Kaleb, pole. Mtani wako wa Misima amefariki lini?"

"Nani kasema amefariki?"

"Mwanawe alikuja jana kununua bafta. Ile nyeupe, ya kutosha sanda. Nilimpa pole, nikamwuliza kama mama yake ameshazikwa, akasema, 'Bado.'"

Kaleb alikaa juu ya gunia la mahindi. Bado! Alihisi hasira inampanda, kisha ikafika mahali ikageuka, na Batul akamwona anatabasamu peke yake.

"Bwana Fidahussein," aliita, "naomba lori."

"Kwenda wapi?"

"Msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu ambaye bado."

Fidahussein alilalamika kuhusu petroli, akalalamika kuhusu matairi, akalalamika kuhusu Wanyamwezi kwa jumla. Alipochoka akavaa koti. "Twende. Mimi pia nakwenda, kwa sababu lori langu, na kwa sababu wewe ukitabasamu namna hiyo kuna jambo, nami nataka kuliona."

Kabla ya kufika Misima Kaleb alisimamisha lori, akavua shati, akavaa gunia, akajipaka majivu uso mzima. Halafu akaingia kijijini kwa honi na kilio.

"Mama yangu wee! Mwantumu wee! Umekufa bila kuniaga! Nani atanipikia bada baya kama lako?"

Wanawake waliokuwa mashambani walitupa majembe wakaja mbio wakilia. Wazee wakatoka. Ua ukafurika. Abdi akatokea mlangoni na bakuli la uji mkononi, macho yamemtoka. Na Bi Mwantumu mwenyewe alikuwa amekaa mkekani akiota jua, akitazama waombolezaji wake.

"Una wazimu?" Abdi akauliza. "Nani amekufa?"

"Niambie wewe uliyenunua sanda!"

Kilio kikakatika. Mzee Sadala akamgeukia Abdi taratibu. "Umenunua sanda, Abdi?" Abdi akatazama uji wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga; lakini hapa aliyeumbuliwa alikuwa mtoto wa watu, na kwa kweli alitia huruma.

Kaleb hakumpa nafasi. Akajilaza chali mlangoni pa nyumba, mikono kifuani. "Mila ni mila," akasema akitazama mbingu. "Sanda ikishaingia nyumbani, msiba umeingia. Msiba ukiingia, mtani ana haki yake. Hapiti mtu, halichimbwi kaburi, mpaka niridhike."

Watu wakaanza kucheka, maana kweli, ndivyo watani wafanyavyo msibani, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Tatu akaleta kuku. Kaleb akageuza uso. Akaletewa kuku wawili. Akafumba macho. Abdi, jasho linamtoka, akamvuta beberu kutoka zizini. Kaleb akamtazama yule beberu, akapiga funda la mate, akasema, "Simtaki."

Hapo ndipo watu walipojua kwamba jambo ni zito. Mnyamwezi amekataa mbuzi!

"Unataka nini basi?" Sadala akauliza.

"Nataka maiti."

"Mila haisemi mtani apewe maiti."

"Haisemi asipewe."

Sadala akafikiri. Akamtazama mzee mwenzake, naye akainua mabega. "Hiyo nayo kweli," Sadala akakiri. "Lakini kwa kuwa maiti tunaye hapa na masikio yake yanasikia, aulizwe mwenyewe."

Kaleb akainuka. Akapiga magoti mbele ya mkeka, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo. "Mwantumu, nisikilize. Huko watakukata kichwani. Unaweza kufa huko, sikufichi. Unaweza pia kupona. Hapa utakufa tu, polepole, na uji mdomoni. Unataka twende?"

Bi Mwantumu alijaribu kusema. Uso ulikunjamana, mdomo ukaenda upande, likatoka neno moja la "chumvi," akakasirika akapiga mkeka. Kisha akamtazama yule mwanamume aliyejipaka majivu na kuvaa gunia, akaanza kucheka. Alicheka kwa nusu ya uso, mabega yakatikisika. Akanyanyuka mwenyewe. Alimwashiria Tatu alete ile bafta, akaikunja kwa mkono wake mzuri, akaenda nayo hadi kwenye lori, akaiweka juu ya kiti kilichochakaa, akaikalia sanda yake pembeni ya Fidahussein kama mke wa gavana.

Vigelegele vilipasua anga. Abdi alirukia nyuma kwenye magunia, analia na kucheka, hajui afanye lipi. Na waombolezaji waliokuja kuzika wakalisindikiza lori hadi barabara kuu wakiimba nyimbo za harusi, kwa kuwa ndizo zilizowajia.

Korogwe, Daktari Bernardo aliangalia kwanza kovu la shingoni, ndipo akaweka kidole juu ya sikio. Akampiga picha ya kichwa kwa mashine. Alipoiona akakaa kitini, akavua miwani.

"Hiki cha kichwani ni mtoto wa kile cha shingoni," aliwaambia. "Mbegu ilibaki. Imesafiri na damu mpaka kwenye fuvu, ikaota, ikala mfupa, na sasa inaukandamiza ubongo pale pale maneno yanapokaa. Saratani hii ya shingo ni nadra sana kupanda kichwani. Nimesoma habari zake. Kwa macho yangu sijawahi kuiona."

"Mtani wangu hapendi vitu vya kawaida," Kaleb akasema, lakini sauti ilikwaruza.

"Itaondoka?" Abdi akauliza.

"Tutaiondoa tunayoiona. Siwezi kukuahidi kwamba haitarudi, wala siwezi kukuhesabia miaka. Lakini ikiachwa, haitampa hata mavuno yajayo."

Abdi akapiga magoti kwa mama yake. "Mama, nilinunua ile… nilinunua kwa sababu niliogopa kukosa cha kukufanyia." Bi Mwantumu akamwekea mkono kichwani, akakipapasa kama alivyokuwa akikipapasa utotoni, kisha akamwashiria daktari kwa kidole: twende.

Bingwa wa kupasua, Mzungu mmoja mrefu, alipelekewa habari Tanga, naye akaja kwa treni na sanduku lake la vyuma. Kaleb na Abdi wakakaa barazani. Batul alikuwa amewafungia chapati, hazikuliwa. Abdi alisema, "Akifa je?" Kaleb akajibu, "Nitazika. Ndiyo kazi yangu."

Hakufa. Walimtoa amenyolewa, amefungwa kitambaa kichwa kizima, na alipozinduka mkono wa kulia ukafumba. Daktari Bernardo alifurahi mpaka akampa Kaleb mkono mara mbili. Baada ya siku chache Bi Mwantumu alikuwa anakula mwenyewe, anakaa, anatembea hadi dirishani. Kichwa hakikumuuma tena. Lakini alikuwa bubu. Hata ile "chumvi" ilikuwa imeondoka.

"Maneno huchelewa," daktari alisema. "Pengine yatarudi, pengine la. Msemesheni tu."

Kaleb alimsemesha. Kila lori lilipolala Korogwe alitoka Kwamndolwa kwa miguu, akaingia wodini kabla hata ya kunawa, akaanza. Alitukana upara wake. Alitukana bandeji, alitukana bada, aliwatukana Wazigua waliokufa na ambao hawajazaliwa. Wagonjwa wengine walimwomba aache kwa sababu mishono inafumuka kwa kicheko. Nesi Josefina alimfukuza na kumrudisha. Bi Mwantumu alimtazama tu, ametulia, haijulikani kama anasikia.

Ikafika alasiri moja Kaleb akaingia, akavuta kigoda, akafungua mdomo, akakuta hakuna kitu. Matusi yamekwisha. Alikuwa ameyatumia yote, mpaka yale aliyoyaweka akiba ya uzeeni. Akakaa. Kisha, mwanamume mzima mbele ya wodi ya wanawake, akaanza kulia, kwikwi ndogondogo za mtu asiyezoea.

"Dada," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Dada yangu, mimi huku sina mtu. Kwetu mbali, waliokuwapo wamekwisha. Watu wananiita Mnyamwezi wa Fidahussein. Ni wewe tu uliyenifanya nikawa na kwangu, kwa kunifukuza jikoni kila wiki. Sasa nikisema hunijibu. Nitasema na nani, Mwantumu? Eh? Nitasema na nani?"

Alijifunika uso kwa viganja akalia. Nesi Josefina alisimama na beseni lake, asijue aende au abaki.

"Vizuri," ilisema sauti.

Ilikuwa kavu, nzito, kama mlango wa ghala uliokaa sana bila kufunguliwa. Kaleb hakuinua uso. Aliogopa.

"Lia… vizuri," sauti ikaendelea, ikitafuta njia, ikiipata. "Hata kulia… hamjui. Mpagazi wee."

Kaleb akaondoa viganja. Bi Mwantumu alikuwa anamtazama chini ya bandeji, uso wote mzima unacheka, pande zote mbili.

Alisimama, kigoda kikaanguka. Alitaka kumshika mkono, akamshika Josefina, maji ya beseni yakamwagika sakafuni. Akatoka mbio barazani, akapita wagonjwa wa nje waliopanga foleni, akashuka uwanjani ambako Abdi alikuwa anafua kanga za mama yake.

"Abdi! Amenitukana!" alipiga kelele, machozi yanamtiririka, mikono juu. "Mama yako amenitukana! Jamani, nimetukanwa! Nimetukanwa mimi na ukoo wetu mzima!"

"Hapa ni hospitali, baba!" Josefina alimfokea kutoka barazani, lakini na yeye alikuwa anajifuta macho kwa aproni. Abdi aliiacha kanga ndani ya povu akakimbia wodini, mikono inachuruzika maji. Kaleb alimsimulia mfagiaji, akamsimulia bibi mmoja aliyekuja kung'olewa jino, kisha akageuka akarudi ndani mbio, asije akakosa la pili.